Tabo Bila Gia ni Kelele Tu

Wanachuo wenzangu, hapa kampasi mtu akiingia na Subaru ya tabo, tena manyuo, stori zote ni za mlio. Mimi nasema utamu wa gari ile uko kwenye gia, na kutojua hilo kunaua.

Tabo huzungushwa na moshi wa injini, nayo husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya injini. Injini ikizunguka taratibu, moshi ni kidogo, tabo inasinzia. Sasa wewe uko gia ya 5, mizunguko 1,800 kwa dakika, unakanyaga mafuta ulipite lori. Gari inajivuta kwanza. Sekunde hizo uko upande usio wako, na basi linakuja.

Dereva anayejua hushuka gia ya 4 au ya 3 akiwa bado nyuma ya lori, injini ikafika kama 3,000, ndipo atoke. Asipoona mbele, hatoki.

Oili nayo iheshimiwe, maana ndiyo inayoilainisha na kuipoza tabo. Asubuhi usiikamue gari kabla haijapata moto. Ukimaliza kupanda Kitonga ukasimama, iache ingurume dakika moja hivi ndipo uzime.

Sisi wa elimu tunajua: anayeelewa sababu hakariri. Shule za udereva zinafundisha gia za kufaulia mtihani. Zifundishe na sababu zake, jamani. Kelele hata bodaboda inazo.