Ukurasa wa Fundi: Miguu ya Gari Kuukuu

Juma hili tuzungumze juu ya miguu ya gari. Mafundi wetu huita "miguu" vile vitu vyote vilivyo kati ya magurudumu na bodi: springi, shokapu, bushi, boljointi, na mikono ya chuma inayoyashika magurudumu. Gari likizeeka, mara nyingi hivyo ndivyo hutangulia kuchoka.

Tuchukue mfano wa jamaa inayokaa Kendwa, karibu na Nungwi, kaskazini ya Unguja. Kutoka huko mpaka mjini ni zaidi ya kilomita 50. Barabara kubwa ina lami, lakini njia nyingi za vijiji vya huko hupita juu ya mawe ya matumbawe, nayo ni makali. Tena upepo wa bahari una chumvi, na chuma hushika kutu upesi. Jamaa hiyo ina Noah au Escudo iliyokwisha tumika miaka mingi Japani kabla ya kuletwa kwetu. Gari hilo ndilo lipelekalo samaki sokoni. Usiku wa manane ndilo limpelekalo mama mwenye uchungu hospitali ya Kivunge. Basi miguu ya gari si jambo la starehe tu.

Fundi akikuandikia orodha ndefu, na fedha ni haba, usikate tamaa. Wala usianze na kile kinachopiga kelele zaidi. Anza na kile kinachoweza kuua.

KWANZA, LIPIME GARI MWENYEWE. Liweke mahali palipo sawa, bila mzigo. Pima kwa uzi toka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa umezama vidole viwili au zaidi, springi yake imechoka au imevunjika. Kisha kandamiza kona moja ya gari kwa nguvu, uiachie. Ikipanda na kutulia, vema. Ikiendelea kucheza kama ngalawa penye mawimbi, shokapu imekwisha. Tazama pia kama shokapu inavuja mafuta.

Halafu inua gurudumu la mbele kwa jeki, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ubovu uko katika beringi. Ukibaki, shaka ni boljointi. Ukilitikisa kushoto na kulia nalo likacheza, tazama vichwa vya tairodi, vile vinavyounganisha usukani na gurudumu.

PILI, PANGA KWA ZAMU. Zamu ya kwanza ni ya boljointi na vichwa vya tairodi. Boljointi ikichomoka njiani, gurudumu hulala, na dereva hana la kufanya tena. Springi iliyovunjika nayo isingoje, maana ncha yake yaweza kupasua tairi. Zamu ya pili ni ya bushi, yaani mipira iliyomo katika mikono ya chuma. Bushi zikiisha, gari huvuta upande ukifunga breki, na tairi huliwa upande mmoja. Mwenye kuahirisha bushi atanunua tairi. Zamu ya tatu ni ya shokapu. Lakini msifikiri kwamba shokapu ni anasa: zikichoka sana, gurudumu hurukaruka barabarani, na gari huchelewa kusimama. Kama zimekwisha kabisa, nendeni polepole, na msijaze mzigo mpaka zibadilishwe.

Hivi ndivyo gharama moja kubwa hugeuka kuwa tatu ndogo. Wavuvi wanajua kwamba fedha haziji sawa mwezi mzima. Andikeni basi kila kitu kilichonunuliwa, tarehe na bei yake, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

TATU, JUENI NAMNA YA KUNUNUA. Chuma cha mtumba chaweza kufaa, kama mkono usiopinda au springi isiyo na ufa. Lakini mpira na boljointi nunueni vipya, kwa sababu mpira huzeeka hata ukikaa bila kazi. Shokapu za mtumba ni bahati nasibu. Shokapu na springi hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia, ili gari lisiende upogo. Kama mkono wenyewe ni mzima, mwulize muuzaji kama bushi huuzwa peke yake. Fundi mwenye presi ataitoa ya zamani na kuingiza mpya, nawe hutalipia mkono mzima. Beba kitu cha zamani dukani ukilinganishe, maana Noah moja si sawa na nyingine.

NNE, KAZI YENYEWE. Usiku uliotangulia, zipakeni nati zenye kutu mafuta mepesi, ili zisikatike kesho yake. Msiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Liwekeni juu ya stendi imara au magogo mapana, wala si matofali, kwa kuwa tofali hupasuka ghafula.

Katika magari mengi madogo, shokapu ya mbele imekaa ndani ya springi. Mtindo huo umepewa jina la Earle MacPherson, mhandisi wa Marekani, nao uliingia katika Ford Consul ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Springi hiyo imebanwa kwa nguvu nyingi. Ikifunguliwa bila kifaa chake cha kuibania, yaweza kumwua mtu. Kamba na waya hazitoshi. Kazi hiyo mpeni fundi mwenye kifaa.

Na siri moja ambayo mafundi wa haraka huisahau: bolti za bushi zisikazwe kabisa gurudumu likiwa linaning'inia. Shusheni gari lisimame kwa uzito wake, ndipo mkaze. Zikikazwa hewani, mpira hukaa umejipinda siku zote, na hupasuka mapema. Kazi ikiisha, pelekeni gari likapimwe mwelekeo wa magurudumu.

Jihadharini na dawa za uongo. Springi iliyovunjika haichomelewi, kwani moto huharibu ugumu wa chuma chake. Kutia vipande vya mpira kati ya pindi za springi huinua gari kwa muda tu, na huhamishia kishindo mahali pengine. Na zile springi bapa za nyuma, kama za Hiace, msiziongezee vyuma ili gari libebe kupita kiasi. Breki zake ni zile zile.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jioni hii, kabla giza halijaingia, lipimeni gari lenu.