KUKAA NA KULA KATIKATI YA MJI

Ndugu Wanachama,

Liko neno ambalo husemwa kila siku katika baraza za ofisi zetu wakati wa mapumziko ya adhuhuri, nalo limesemwa mno kwa manung'uniko na haba kwa kalamu. Neno lenyewe ni hili: sisi tufanyao kazi katikati ya mji wa Dar es Salaam hatuna pa kulala humo, na tukinyamaza hatutakuwa na pa kula. Twafika alfajiri, twaandika, twapokea watu na shida zao, twafunga mafaili. Na jua likitua twatolewa na kodi ya nyumba kama watu waliokuja kuzuru tu. Tumeona si vema jambo hili liendelee kunong'onwa. Yafaa liandikwe, lisomwe, na lijibiwe na yeyote awezaye kulijibu.

Kwanza tukumbushane asili ya mji wenyewe, maana asiyejua alikotoka hawezi kuulizwa aendako. Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kuujenga katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Wajerumani wakaufanya makao makuu ya utawala wao mwaka 1891, na hao ndio walioanza kuukata mapande kwa sheria za ujenzi. Waingereza walipokuja wakaufuata mpango ule ule: Uzunguni palikuwa pa bustani na nafasi, Uhindini palikuwa pa maduka chini na watu juu, na Uswahilini palikuwa pa nyumba za miti na udongo. Baina ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja, ndio huu wa Mnazi Mmoja, na sababu waliyoitoa ilikuwa afya. Afya iliyohifadhiwa ilikuwa ya nani, kila mwenye akili ajua.

Hata jina la Kariakoo lina hesabu yake. Latokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, waliopigishwa kambi pale baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Sanamu ya Askari, ambayo ni ukumbusho wa vita ile, ilisimamishwa katikati ya mji mwaka 1927, nayo ingali pale. Basi tazameni jambo hili: ukumbusho uliwekwa katikati, na watu waliokumbukwa wakawekwa ng'ambo ya uwanja.

Lakini haki isemwe. Mpango ule, pamoja na dhuluma yake, haukufikiri kwamba mtu aweza kufanya kazi bila kulala wala kula. Kariakoo ilijaa nyumba za Kiswahili, nazo twazijua: baraza mbele, ujia katikati, vyumba vitatu mkono huu na vitatu mkono huu, na ua nyuma wenye jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, na vingine akapangisha. Mgeni wa bara aliyeshuka katika gari la moshi hakukosa chumba, wala hakukosa mtu wa kabila lake wa kumwonyesha kisima. Jioni palikuwa na kahawa barazani, na samaki wa kukaanga penye kona. Uhindini nako, mwenye duka alipanda ngazi akawa kwake, na usiku madirisha ya orofa yalikuwa na taa. Mji uliishi usiku na mchana.

Baada ya uhuru mwaka 1961, mipaka ya rangi ikabomolewa. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1971 ikatoka sheria ya kutwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya kuzidi shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Na mwaka 1990 kazi yake ikaunganishwa na Shirika. Wako waliokula hasara katika sheria ile, na hatutaki kulificha hilo. Walakini ilileta jambo moja ambalo halikuwahi kuonekana: mtumishi wa Serkali wa kima cha kati aliweza kupata makao katika mitaa ambayo baba yake aliipita kwa hofu. Sasa twauliza: je, mpaka wa rangi umebomolewa ili ujengwe mpaka wa fedha mahali pale pale?

Maana mji umekua kupita kiasi. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 iliwapata watu zaidi ya 128,000. Hesabu ya mwaka 2022 iliwapata watu zaidi ya 5,380,000. Watu hao hawakuongezeka katikati; wameenea Mbagala, Kimara, Gongo la Mboto, Chanika na Bunju. Katikati kumeongezeka kuta, vioo, maduka, ghala na mahali pa kuegesha motakaa. Kariakoo, tangu miaka ya 1990, nyumba za baraza zimeangushwa moja moja na maghorofa yakapanda mahali pake. Na vyumba vingi vilivyokuwa vya kulala watu sasa vyalaliwa na marobota ya nguo. Saa mbili za usiku pita katika mitaa mingi ya ofisi: utawakuta walinzi na paka.

Twajua tutajibiwa, na majibu tumeyasikia. Tuyatwae moja moja.

Jibu la kwanza husema: Maghorofa ndiyo maendeleo, na anayeyapinga ataka turudi katika makuti. Twajibu kwamba hatupingi orofa hata moja. Orofa ni njia njema ya kuweka watu wengi mahali padogo, ikiwa watawekwa watu. Lakini wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Fungueni basi haya majumba, mtuonyeshe ndani yake ni wangapi wanaolala. Tena maendeleo hayapimwi kwa urefu peke yake. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la orofa zaidi ya kumi lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, na watu zaidi ya 30 wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la maduka likaanguka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Wengi wa waliokufa pale walikuwa wamekwenda kutafuta riziki, kama sisi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza, kuna ukuta usiojengeka tena, nao ni roho ya mtu. Tamaa ya kugeuza kila futi ya ardhi kuwa duka ndiyo hiyo hiyo inayomla mpangaji na kuula ua, na mwisho hula hata nguzo.

Jibu la pili husema: Karani akae mbali, mabasi yapo. Ni kweli yapo, na mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza mwaka 2016 kutoka Kimara kuja Kivukoni, ni neema ambayo hatuikani. Lakini sisi ni watu wa hesabu, basi tupige hesabu. Mtu atumiaye saa mbili kuja na saa mbili kurudi hutumia saa 4 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi katika mwezi, hizo ni saa 88. Kazi ya siku moja ni saa 8. Basi saa 88 ni siku 11 za kazi. Yaani kila mwezi mtu huyo hufanya kazi siku 22 kwa mshahara, na siku 11 kwa kusimama ameshika bomba la basi, naye hulipa nauli juu yake. Siku hizo amenyang'anywa nani? Amenyang'anywa mtoto wake ambaye humwacha amelala na kumkuta amelala. Amenyang'anywa mgonjwa wake, shamba lake, kitabu chake na ibada yake. Kisha ofisini huambiwa ni mzito, hana bidii! Seuze mwanamke, ambaye kabla ya basi ana jiko, na baada ya basi ana jiko tena.

Jibu la tatu husema: Mama lishe ni uchafu, aondolewe. Hapa ndipo tunapotaka kusema kwa sauti, maana neno hili latufika tumboni. Mama lishe huja na masufuria yake, sahani, deli la maji na beseni la kunawia. Hupika wali na maharage, ugali na dagaa, mchicha na samaki, kwa bei ambayo tarishi aweza kuilipa siku zote za mwezi, si tarehe ya mshahara tu. Huandika deni katika daftari, na mara nyingine huandika moyoni. Mahoteli ya vioo hayana daftari hilo. Tumewaona wakubwa wanaosema habari za uchafu huo wakituma watoto wa ofisi kuwaletea sahani ile ile, imefunikwa kwa sahani nyingine ili isijulikane. Sasa kama chakula ni kichafu, mbona chafika mezani kwa bwana? Na kama si kichafu, mpishi ana kosa gani?

Hatusemi njia ya miguu izibwe. Wafanyabiashara wadogo walipoondolewa katika njia za miguu Oktoba 2021, wako wapitao kwa miguu, na khasa vipofu na wenye magongo, waliopata nafasi, na haki yao hatuigusi. Lakini kuondoa si kuweka. Uchafu hauzaliwi na mwanamke mwenye mwiko. Huzaliwa na mahali pasipo bomba la maji, pasipo mfereji, na pasipo pa kutupia taka. Mpe hayo matatu, kisha mtoze ada, kisha mkague. Ukimnyima hayo na kumfukuza kwa kuyakosa, umekuwa kama mtu amfungaye mwenziwe miguu na kumcheka hawezi kwenda.

Tena mjue kwamba mji wetu umewahi kujenga kwa ajili ya chakula cha watu, na kujenga vizuri. Soko la Kariakoo lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilichorwa na Beda Amuli, Mwafrika mwenzetu, naye akalipa paa mfano wa miavuli mikubwa ili upepo upite na jua lisichome. Moto uliliunguza Julai 2021. Lakini fikira ya soko lile haikuungua: kwamba mtu wa kawaida, anunuaye fungu la nyanya, astahili kivuli kilichofikiriwa na fundi hodari. Fikira hiyo ndiyo tunayoidai.

Basi tusiwe watu wa kulalamika tu. Tunayoyataka ni haya:

1. Kila jengo jipya litakalosimama katika ardhi ya Serkali au ya mashirika yake katikati ya mji liwe na orofa za kukaa watu, na walau sehemu moja katika tano ya makao hayo ipangishwe kwa kodi ambayo mshahara wa kima cha kati waweza kuibeba.

2. Serkali imehamia Dodoma, na sheria ya kuutangaza mji ule kuwa Makao Makuu ilipitishwa mwaka 2018. Kila jengo la ofisi lililobaki Dar es Salaam ambalo halina tena kazi ya ofisi lichunguzwe na wahandisi kama laweza kugeuzwa makao, kabla halijauzwa au kuvunjwa.

3. Mwenye nyumba ya Kiswahili Kariakoo asiondolewe kwa bahasha. Sheria ya mwaka 2008 yamruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo la orofa. Basi mwenye kiwanja na mjenzi wagawane jengo kwa maandishi, familia irudi kukaa juu ya kiwanja chake.

4. Kila mtaa wa ofisi uwe na ukumbi wa wapishi wenye paa, maji, mfereji na gesi ya kupikia, na nafasi zigawiwe kwanza wale waliokuwa wakipika hapo.

5. Kila jengo la orofa libandike mlangoni hati ya ukaguzi, yenye tarehe, na idadi ya orofa zilizoruhusiwa, ili hata mtoto aweze kuhesabu kwa kidole na kujua kama mwenyewe amezidisha.

Hakuna katika haya lililo kubwa kuliko kazi ambazo nchi hii imekwisha kuzifanya. Zaidi ya fedha, lahitajika kukubali neno moja jepesi: kwamba mji ni watu waliomo, si thamani ya viwanja vyake. Mchumia juani hulia kivulini. Nasi tumechuma juani miaka mingi, twauliza kivuli kiko wapi.

Twawaomba wanachama wa kila ofisi wakutane kabla ya mkutano mkuu, waandike nani hulala wapi, hutumia saa ngapi njiani, na hula wapi adhuhuri kwa bei gani. Msiandike manung'uniko, andikeni hesabu. Manung'uniko hujibiwa kwa maneno mazuri, lakini hesabu lazima ijibiwe kwa hesabu. Zikikusanywa, ziwekwe mbele ya Halmashauri ya chama, na kutoka hapo zipelekwe kwa wakuu wa mji kwa adabu na bila woga.

Na yeyote atakayeona tumesema lisilo kweli, ukurasa huu u wazi; na alete jibu lake.

Wasalaam,
Ni sisi wenzenu, makarani wa ofisi za mjini.