Mbwa Wako Si Mkorofi, Hana Kazi Tu

Wasee, leo mnitukane mkitaka lakini nitasema. Mbwa wengi wakubwa tunaowaita wakorofi huku Kitui na Makueni hawana ukorofi wowote. Wamechoshwa na kukaa bure.

Mnajua vile huwa. Mtu ananunua German Shepherd akiwa kidogo, familia yote inapiga selfi naye. Miezi kumi baadaye ana kilo 30, na maisha yake ni cheni chini ya mwembe asubuhi hadi usiku. Akichimba shimo, anachapwa. Akitafuna malapa ya Baba, anachapwa. Siku cheni ikikatika, anafukuza mbuzi wa jirani, na ocha mbuzi ni karo ya mtoto wa mtu. Mbwa akishaua mbuzi, hukumu yake haina rufaa. Lakini huyu alizalishwa Ujerumani kuchunga kondoo siku nzima! Ulitaka nguvu zote hizo aziweke wapi?

Sasa nikitaja toi za mbwa, kuna mtu atasema hayo ni mambo ya Karen na Runda. Bana, KONG, ile toi ya raba inayojulikana sana duniani, chanzo chake ni kipuri cha gari. Miaka ya 1970 huko Marekani, Joe Markham alikuwa na German Shepherd aliyeharibu meno kwa kutafuna mawe. Akiwa anatengeneza gari la Volkswagen, mbwa akapenda kipande cha raba kilichotoka kwa hilo gari. Wazo likaanzia hapo. Hiyo si jua kali kabisa?

Kwa hivyo usiangalie bei kwanza. Angalia mambo matatu.

Moja, ukubwa. Mpira wa tenisi kwa mbwa mkubwa ni hatari, unaweza kukwama kooni. Chagua kitu ambacho hakiwezi kuingia chote mdomoni.

Mbili, ugumu. Kibonyeze kwa ukucha. Kikikataa kabisa kama jiwe, kitamvunja meno. Mifupa iliyopikwa hapana, inapasuka vipande vyenye ncha. Tairi la gari lina nyaya za chuma ndani. Na Makueni msimu wa maembe ukifika, okota kokwa zote uani, kwa sababu likimezwa linaweza kuziba utumbo.

Tatu, kazi ya kichwa. Hii ndiyo watu wanasahau. Mbwa anamaliza sufuria ya ugali kwa dakika moja, halafu anabaki na saa 23 za kutafuta shida. Mfanye atafute chakula chake. Mimi humtawanyia Simba wangu omena kwenye majani makavu, au nazikunja ndani ya gunia kuukuu lililooshwa vizuri. Siku nyingine natumia chupa ya plastiki ya lita 2: natoa kifuniko na ile pete yake, naweka chakula ndani, anaibingirisha mpaka kimwagike. Niko hapo nikimwangalia, na akianza kula plastiki yenyewe naichukua. Kunusa na kufikiria kunamchosha kuliko mnavyodhani. Akimaliza, analala.

Kamba ya mkonge pia ni poa kwa kuvutana, na huku kwetu haikosekani. Lakini mkimaliza, ifiche. Nyuzi zake zikimezwa zinaweza kujifunga tumboni. Na usimwachie toi zote kila siku. Mpe moja leo, nyingine kesho, zisimchoshe.

Toi pekee haitoshi, sikatai. Mbwa bado anahitaji kutembezwa alfajiri, kabla jua la huku halijakuwa kali, na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza ugonjwa huo kufikia 2030, na mbwa aliyekata cheni bila chanjo anarudisha kijiji kizima nyuma.

Maoni yangu ni haya: kama huna nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, usichukue mbwa mkubwa. Unataka tu ulinzi? Nunua kufuli nzuri. Kufuli haichoki kukaa bure.