LILE LUNDO NYUMA YA MAABARA

Leo nina neno kuhusu lile lundo lililo nyuma ya maabara yetu mpya.

Maabara ilipokwisha, sote tulipiga makofi. Lakini mjenzi aliondoka na mashine zake akatuachia vifusi, mbao zenye misumari na mabati ya darasa la zamani lililobomolewa. Vifusi vingine vilisukumwa mtaroni. Mvua ya Aprili ilipokuja, maji yalikosa njia yakaingia kidato cha kwanza. Tena mwenzetu mmoja alikanyaga msumari akienda msalani, akakosa masomo wiki nzima. Halafu watu wanasema eti ni takataka tu, zichomwe!

Mimi nakataa katakata. Kaka yangu ni kibarua wa mjengo, na jikoni kwa mama ndiko kwenye ushahidi. Ukuta wote ni mbao zilizowahi kushikilia zege kwenye nyumba ya mtu mwingine, na misumari niliinyoosha mimi mwenyewe kwa nyundo nikiwa darasa la tano. Karatasi za mifuko ya simiti tulifunikia madaftari. Huko Kamukunji, Nairobi, mafundi wa jua kali hugeuza mabati na mapipa makuukuu yakawa majiko na masanduku, nasi twayanunua bila kuuliza yalikuwa nini zamani.

Vifusi vya mawe na zege vikipondwa hufaa sana kujazia mashimo. Sisi wa kutwa ndio tunaolijua tope la ile njia ya kutoka langoni hadi barabara kuu, viatu hubaki huko! Kokoto za dukani ni pesa, na kila lori la kokoto lina shimo lake mahali fulani.

Si kila kitu kiguswe, lakini. Paa la asbesto likivunjwa vumbi lake huleta saratani ya mapafu, kwa hivyo hilo waachiwe wenye idhini. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa nazo zisipikiwe, moshi wake ni sumu.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya kibarua, si ya mwanafunzi. Haya, kibarua alipwe na nani, na karo yenyewe haijalipwa? Tupewe toroli mbili na Jumamosi moja. Sepetu na nyundo tutatoka nazo nyumbani, na wa kwanza kujiandikisha ni mimi.