Uwanja Haujilipi

Wanasiasa wa Marekani wana hesabu moja wanayoipenda sana: mji ukitoa fedha za umma kujenga uwanja wa besiboli, fedha hizo zitarudi, tena na faida juu. Wageni watafurika, hoteli zitajaa, vijana watapata ajira. Ni vigumu kuibishia hesabu hii, kwa sababu siku ya mechi kila mwenye macho anaona baa za jirani na uwanja hazina pa kukaa.

Tatizo ni baa zilizo mbali, ambazo hakuna anayekwenda kuzitazama usiku huo. Familia iliyotumia dola 200 uwanjani haikuziokota njiani. Zingetumika sinema au kwenye mgahawa wa mtaani kwao. Zimehama mtaa tu. Na zikishaingia uwanjani, nyingi huishia kwenye mishahara ya wachezaji, ambao msimu ukiisha wengi wao hurudi makwao. Tena msimu wa kawaida una mechi 81 tu za nyumbani. Siku nyingine nyingi za mwaka, lile eneo ni ukuta mrefu na maegesho matupu.

Atakayesema hizi ni nadharia, atazame mwaka 1994. Agosti 12 wachezaji waligoma, sehemu iliyobaki ya msimu ikafutwa, na hata World Series, fainali za ligi, haikuchezwa. Kama timu ndiyo inayolisha mji, miji yenye timu ingepaswa kuhisi njaa. Wachumi Dennis Coates na Brad Humphreys walipochunguza migomo ya michezo ya kulipwa, hawakukuta dalili kwamba kipato cha wakazi kiliporomoka.

Wapo wanaofaidika, bila shaka. Mwaka 1991 wapiga kura wa Arlington, Texas, walikubali kuongeza kodi ya mauzo kwa nusu senti katika kila dola ili timu ya Rangers ipate uwanja mpya. Miongoni mwa wabia wa timu alikuwamo George W. Bush, aliyekuwa ametia karibu dola 600,000. Uwanja ulifunguliwa 1994, mwaka uleule aliochaguliwa kuwa gavana. Timu ilipouzwa 1998, mgao wake ulikaribia dola milioni 15. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilitokana na wabia wenzake kumwongezea hisa, na sidai kwamba kuna sheria iliyovunjwa. Ninachosema ni kwamba mwenye duka wa Arlington, aliyekuwa akikusanya ile nusu senti kwa kila mteja, hakuongezewa hisa na mtu.

Kwa nini basi miji inakubali? Jibu rahisi ni kuwaita wapiga kura wajinga, nami silikubali. Mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba besiboli haibanwi na sheria za kuzuia uhodhi wa soko. Leo ligi ina timu 30, na wenye timu ndio wanaoamua nani aongezwe na nani ahamie wapi. Miji inayotamani timu ikiwa mingi kuliko timu zilizopo, mmiliki hana haja ya kufoka. Anataja tu jina la mji mwingine. Mwaka 1995 wakazi wa King County, kuliko na Seattle, walikataa kwa kura chache mno kodi ya kujenga uwanja wa timu ya Mariners. Haukupita muda, bunge la jimbo likapitisha njia nyingine ya kupata fedha.

Lakini San Francisco inaonyesha kuwa tishio nalo lina mwisho wake. Kati ya 1987 na 1992, wapiga kura wa mji huo na wa maeneo jirani waliikatalia timu ya Giants uwanja mara nne. Timu ilikaribia kabisa kuhamia Florida. Ikabaki, na mwaka 2000 ikafungua uwanja uliojengwa kwa sehemu kubwa na fedha za watu binafsi. Kumbe zilikuwapo.

Huku kwetu Afrika Mashariki, viwanja vya AFCON 2027 ni jambo tofauti kidogo, kwa kuwa serikali haimjengei mfanyabiashara mwenye timu; ila ahadi za hoteli kujaa nimezisikia, na zinahitaji kuulizwa maswali yaleyale.

Mimi sipingi mji kununua furaha. Watu hutozwa kodi kwa ajili ya bustani na hakuna anayewaahidi kwamba maua yatarudisha mtaji. Mwaka 2016 Arlington walipiga kura tena, wakaidhinisha hadi dola milioni 500 kwa uwanja mwingine, uliofunguliwa 2020, wakati ule wa awali ukiwa na miaka 26 tu. Hoja kubwa safari hii ilikuwa paa: kiangazi cha Texas hakikaliki, na watazamaji walichoka kuungua. Kutaka kiyoyozi ni sababu ninayoielewa, na bei yake inaweza kujadiliwa bila kumdanganya mtu.