*TAARIFA YA TAWI: RAMANI YA BAHARI SI SIRI YA OFISI*



Tumesikia tena yakisemwa kuwa wavuvi wanapinga maendeleo. Hatupingi maendeleo. Tunapinga kupangiwa bahari yetu kwa ramani tusizoonyeshwa.

Tukumbushane. Mwaka 2018 Mahakama Kuu, Malindi, iliamua kuwa mradi wa bandari ya Lamu ulikiuka haki zetu, ikiwemo haki ya kupata habari. Ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mei 2021 gati la kwanza likafunguliwa. Mpango mzima ni magati 32. Yaliyobaki yatameza maeneo gani ya uvuvi?

Ramani zipo, ila kila ofisi imekumbatia kipande chake. Wa misitu wana mikoko. Wa wanyamapori wana hifadhi ya Kiunga. Wa bandari wana njia za meli na vina vya maji. Wa ardhi wana viwanja vya ufuoni. Hapo ndipo ofisi moja inaweza kulinda mikoko, nyingine ikagawa kiwanja palepale, na zote zikasema hazikujua. Na anachokijua mvuvi, pale changu na kamba wanapozaliana, hakimo popote.

Watasema ni mambo ya usalama. Mbona ramani za vina vya maji huuzwa kwa nahodha yeyote wa meli duniani? Siri ni kwa mwenye dau tu?

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya habari zilizo mikononi mwa Serikali. Hatuombi hisani.

*TUNADAI:*

1. Data zote za mwambao wa Lamu ziwekwe kwenye ramani moja, wazi kwa raia, bila malipo.

2. Nakala kubwa ya Kiswahili ibandikwe kila kituo cha BMU, Kizingitini hadi Kiunga.

3. Maeneo ya uvuvi yachorwe na manahodha wetu wenyewe kabla gati jingine halijaanza. Mahali pa siri pa mvuvi pabaki pake. Mipaka ya eneo yatosha.

*Wanachama:* wiki hii kaeni na wazee wa bahari. Andikeni majina ya miamba na milango yote mnayovua, myalete tawini. Siku ya kudai fidia, eneo lisiloandikwa huambiwa halikuwepo.

Sambaza kwa kila kundi la wavuvi.

_Imetolewa na Kamati ya Tawi_