Moyo Una Simanzi, Mbona Wapimwa Kichwa?

Jirani yangu mmoja alikaa miezi minne chumbani. Chakula kilirudi vile vile, sala ya jamaa akaiacha, na ukimtolea salamu ilikuwa bahati akikuitikia. Wako waliosema ana shetani. Wengine, na mimi nikiwamo, tulinong'ona kwamba imani imempungua. Leo naona haya kuyaandika maneno hayo.

Nimeyakumbuka kwa ajili ya kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, iliyotoka mwaka 2024 katika jarida la Nature Medicine. Waliwachunguza watu 801 wenye sonona, yaani ile huzuni iliyokuwa ugonjwa, au wasiwasi uliopita kiasi. Waliwalaza ndani ya mtambo wa sumaku unaoonyesha damu inavyokimbilia sehemu za ubongo zinazofanya kazi. Kompyuta ikazilinganisha picha hizo, ikawagawa wagonjwa mafungu sita. Fungu moja lilifaidika zaidi kwa dawa iitwayo venlafaksini. Jingine kwa kuzungumza na mtaalamu.

Kumbe tunachokiita kwa jina moja ni maradhi mbalimbali! Hapo ndipo ninapoiunga mkono kazi hii. Mgonjwa wa sonona mara nyingi hujaribishiwa dawa hii, kisha ile, na kila moja yataka wiki kadhaa kabla ya kujulikana kama yamfaa. Hizo ni wiki ndefu kwa mtu aliyechoka na roho yake.

Na asiniambie mtu kwamba haya ni mambo ya kizungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na ya nafsi. Aliitenga huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama msiba, na ile isiyojulikana sababu yake, ambayo asili yake aliiona mwilini. Mtambo hakuwa nao.

Lakini nina neno. Hata sasa daktari huutambua ugonjwa huu kwa kuuliza: walalaje, walaje, yale uliyoyapenda wayapenda bado, wafikiri kujidhuru? Picha za Stanford zimetenganisha mafungu ya watu. Hazijawa kipimo cha kumpa kila aingiaye hospitali. Nachelea tusije tukamwambia mgonjwa, "Lete picha tuone," na picha isipoonyesha kitu tumwite mvivu. Tutakuwa tumebadilisha shetani kwa sumaku, na mgonjwa yuko pale pale.

Jirani yangu hatimaye alipelekwa hospitali na shangazi yake, bibi asiyejua kompyuta ni nini. Alikuwa akimwendea kila baada ya alasiri na birika la kahawa. Hakumwuliza kwa nini haonekani msikitini. Alimwuliza, "Mwanangu, jana ulilala?"